Siku ya Kusamehewa Deni

Habari ya kusamehewa deni ilimfikia Bi Fundo kabla ya sauti ya mtu aliyeileta. Alikuwa ameketi kizingitini, ungo mapajani, anachambua mchele, alipomwona Karani anatokea upande wa geti la kiwanda, gazeti mkononi, anatembea kwa kasi isiyolingana na umri wake wala na magoti yake. Bado alikuwa mbali, lakini midomo ilikuwa inacheza. Bi Fundo akaacha mchele, akakaza macho.

Wamelisamehe, midomo ya Karani ilikuwa inasema. Lote. Wamelisamehe lote.

Akanyoosha mkono nyuma akamgusa mumewe mguuni. Fundi Grisi alikuwa amepanda kigoda anaziba tundu la bati kwa lami, na kumwita kusingesaidia kitu, maana masikio yake aliyaacha kiwandani. Fundi akainama, akamtazama mkewe mdomoni. "Deni limesamehewa," Bi Fundo akamwambia bila kutoa sauti. "Karani analeta."

Mtu asiyewajua angedhani pale pana uchawi. Hapakuwa na uchawi. Bi Fundo alikuwa mfumaji, na kwa miaka kumi na tisa alifanya kazi katika banda lenye mashine mia mbili na arobaini zinazonguruma kwa pamoja. Mle ndani hata ukimpigia mtu kelele sikioni anaona tu unamtemea mate. Kwa hiyo wafumaji walizungumza kwa midomo na vidole. Umbea, mapenzi, bei ya nyanya, matusi ya msimamizi, vyote vilipita juu ya mashine bila mtu kupasua koo. Jina la Bi Fundo lilitoka hukohuko. Hakuwa na kinyongo na mtu. Ni kwamba uzi ukikatika aliufunga fundo kwa mkono mmoja huku ule mwingine unajikuna. Na mumewe, fundi wa mitambo, aliitwa Grisi kwa sababu hakuna aliyewahi kukumbuka kiganja chake kikiwa safi. Alisalimia watu kwa kiwiko, na mpaka uzeeni akawa bado anasalimia kwa kiwiko.

Karani alifika akihema. Enzi zile alikuwa karani wa stoo, na mpaka leo alikuwa ndiye mtunza karatasi wa kota nzima. Akalitandaza gazeti juu ya mchele.

"Someni wenyewe. Nchi rafiki imefuta deni lote la kiwanda cha nguo."

"Na riba?" Fundi akauliza, kwa sauti kubwa, kama wasemavyo watu wasiosikia.

"Na riba."

Fundi akashuka kwenye kigoda polepole. "Mimi nimekua naambiwa dawa ya deni ni kulipa. Kumbe ukilingoja sana, linapona lenyewe."

Wakacheka wote watatu, kicheko cha watu waliokwisha kusahau kwamba wanaweza kucheka hivyo kwa pamoja. Miaka ishirini na miwili ilikuwa imepita tangu siku kiwanda kilipofungwa. Siku ile ofisa mmoja kutoka wizarani alipanda juu ya benchi la kantini akawaambia wafanyakazi kwamba mali yote, mashine na nyumba hizi za kota, imeshikwa kwa ajili ya deni la waliotukopesha, kwa hiyo haiuzwi wala haiguswi. Kaeni humo, alisema. Deni likiisha mtalipwa kiinua mgongo chenu. Akawaachia karatasi yenye muhuri. Karani aliihifadhi ndani ya mfuko wa nailoni, na kila aliyefiwa, kila aliyeugua, kila aliyeshindwa ada ya mtoto, alikwenda kwa Karani akaomba kuitazama, akairudisha, akaenda zake.

"Sasa watatulipa," alisema Fundi. Akatazama juu ya mapaa ya kota, kwenye mapaa ya kiwanda yaliyopanda na kushuka mithili ya meno ya msumeno. "Na huenda wakaziwasha mashine."

Bi Fundo akaliinua gazeti kwenye mchele. Alifurahi, hilo tusimnyime. Lakini furaha yake ilikuwa na kijiwe ndani, kama ule mchele, na kijiwe chenyewe kilikuwa chumba alichokodi binti yao.

*

Binti yao alikuwa fundi cherehani mjini, mwendo wa saa mbili kwa basi. Tangu mwaka uanze alikuwa amekodi chumba cha pili pale anapokaa, kwa ajili ya wazazi wake, na kila mwezi alikilipia kitupu. Kwenye kopo la majani ya chai, juu ya kabati la mama yake, alikuwa ameweka pesa ya kukodi lori la kuwahamisha. Jumapili alikuja kuuliza lori lije lini.

Baba yake alimshika mkono wa blauzi, akaisugua kwa vidole viwili.

"Kitambaa gani hiki? Mtu akipiga chafya kinachanika."

"Ndicho kinachonilisha, Baba."

"Tulikuwa tunafuma shuka hapa, mtu anaolewa nalo, anazalia juu yake, na mjukuu anafungiwa mgongoni kwa hilohilo. Muulize mama yako."

"Nimeuliza lori, Baba, sikuuliza shuka."

Fundi akajifanya hakumwona mdomo. Ulikuwa mtindo wake. Asilotaka kulisikia alilitazama pembeni. Binti akamzunguka mpaka akamkabili tena uso kwa uso.

"Mwezi unaisha Jumamosi. Kuna mwalimu anakitaka kile chumba. Nimekilipia miezi minane kinalala popo. Siwezi tena, Baba. Bati hili linavuja, Mama magoti yanamuuma, na maji mnafuata bombani kwa wenyewe. Mnangoja nini?"

"Deni limesamehewa."

"Nimesikia redioni. Limesamehewa la serikali."

"La kiwanda. Kiwanda ni sisi. Tumengoja miaka ishirini na miwili, halafu siku ya mavuno ndiyo tuondoke? Watakuja na daftari wataita jina langu, jirani aseme alihama wiki iliyopita?"

Binti akamgeukia mama yake. "Na wewe, Mama?"

Bi Fundo alikuwa anamimina chai. Alitamani kusema kwamba alikwishakiona kile chumba, kwamba kina dirisha linaloingiza jua la asubuhi, na kwamba usiku wa mvua amechoka kupanga masufuria kitandani. Lakini alimwona mumewe amekaa wima vile, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingo, macho yanang'aa kama siku ya mshahara, akakosa moyo wa kulisema.

"Mpe mwalimu chumba, mwanangu," alisema. "Tutabaki hapa."

Binti akanywa chai yake yote. Alipoondoka akasema tu, "Mpaka Jumamosi, Mama. Ikipita Jumamosi, msinilaumu."

*

Jumatatu gari jeupe liliingia kota, akashuka Katibu kutoka wizarani, kijana mnene wa shati jeupe, akiwa na mtu wa kumshikia mkoba. Sherehe ya kutia saini ingefanyika Ijumaa, ndani ya banda la kufumia. Waziri angekuja, na Balozi wa nchi rafiki angekuja. Balozi alitaka kusikia mashine ya nchi yake ikifanya kazi.

"Kuna hata moja inayowaka, mzee?"

Fundi akamwongoza bandani. Walipita katikati ya safu za mashine zilizofunikwa vumbi la miaka, mpaka ya kumi na tisa katika safu ya dirishani. Hiyo haikuwa na vumbi. Kila Ijumaa, kwa miaka ishirini na miwili, bila mshahara na bila kuagizwa, Fundi aliingia na ufunguo wake akaifuta na kuitia oili. Ilikuwa mashine ya Bi Fundo.

"Inahitaji mkanda mpya," Fundi alisema, "na oili lita nne. Na umeme."

"Jenereta tutaleta. Hivyo vingine nunua, uandike, utarudishiwa pamoja na posho." Katibu akatazama saa. "Na tutaleta binti wa kuiendesha, kwa ajili ya picha."

Jumatano Bi Fundo alifungua kopo la majani ya chai akakuta majani ya chai. Alikaa nalo mapajani mpaka mumewe aliporudi, mkanda mpya umemzunguka shingoni.

"Umelila lori la mwanao," alimwambia kwa midomo. Kelele hakuona sababu ya kuzipiga, na hata angetaka, majirani wangeupata umbea bure.

"Sijalila. Ni huu hapa." Akaugusa mkanda. "Watarudisha. Kijana amesema niandike."

"Na wasiporudisha?"

"Mtu aliyesamehewa deni lote lile atashindwa kunirudishia mkanda?"

Bi Fundo akafunika kopo, akalirudisha juu ya kabati. Yako mambo ambayo mke wa ndoa ya miaka arobaini huyaacha yapite, si kwa sababu hayaumi.

Binti wa picha aliletwa Alhamisi asubuhi, kucha ndefu, kitambaa kizuri kichwani. Jenereta ikawashwa, akasimamishwa mbele ya namba kumi na tisa, na uzi ukakatika mara kumi na moja kabla hajafuma urefu wa kiganja. Mara ya kumi na mbili akalia. Katibu akaangaza huku na huku, jicho likamwangukia Bi Fundo aliyekuwa amesimama mlangoni na kanga yake begani.

"Basi huyu mama ndiye aendeshe." Halafu akamtazama miguuni, akamgeukia mtu wa mkoba kama vile mwenye miguu hayupo. "Hana viatu vingine?"

Alikuwa navyo hivyo tu. Viatu vya mkwe wa Karani vikaazimwa, namba moja pungufu.

Mchana ule walibaki peke yao bandani, wakiunga nyuzi alizozikata yule binti. Kuna nyuzi za mtande, zinazosimama kwa urefu, na kuna mshindio, unaopita kati yake kwenda na kurudi, ukibebwa na kijiti cha mbao kilichochongoka pande zote mbili. Wafumaji walikiita panya kwa jinsi kinavyokimbia. Bi Fundo alifunga mafundo, vidole vikienda vyenyewe, akashangaa kwamba havikusahau kitu. Jua lilikuwa linaingia kwa yale madirisha ya juu, na vumbi la pamba likapanda ndani yake taratibu, kama zamani. Alisikia harufu ileile, ya oili na pamba mbichi, akawa na miaka ishirini na tatu.

"Unakumbuka umeme ulipokatika?" Fundi akauliza.

"Banda zima linakumbuka."

Fundi alikuwa mgeni wakati ule, wiki ya tatu kazini, na alikuwa hajajua kuzungumza kwa midomo. Wageni wote hupiga kelele. Alikuja kwenye namba kumi na tisa akijifanya anakagua bolti, akamwinamia Bi Fundo, akapaza sauti ya kumshinda simba, na hapohapo umeme ukakatika. Mashine mia mbili na arobaini zikanyamaza kwa mpigo mmoja. Na ndani ya kimya kile, watu mia tatu wakamsikia fundi mpya akinguruma, "Nataka kukuoa!"

"Msimamizi akasema mkimaliza arusi mrudi kazini," alisema Bi Fundo.

"Na wewe ukasema nini?"

"Sikusema kitu. Nilikuwa natafuta pa kujificha."

Fundi akacheka, akaifuta mashine mahali palipokuwa safi tayari. "Tukilipwa," alisema, "nitakununulia viatu vyako mwenyewe."

*

Ijumaa wafanyakazi wa zamani walipangwa ukutani, thelathini na ushei, kila mmoja na fulana yenye bendera mbili kifuani. Mtu wa mkoba alikuwa ameziandika namba, maana zingerudishwa baada ya shughuli. Waziri akahutubia. Alisema leo mnyororo umekatika. Balozi, mzee mrefu mwenye macho ya upole, alizungumza kwa lugha yake, na mkalimani akasema Balozi amefurahi na babake alikuwa miongoni mwa mafundi walioleta mashine hizi. Watu wakapiga makofi. Kwenye sinia lenye kitambaa chekundu kulikuwa na mkasi mpya. Nguo itakayofumwa ingekatwa kwa mkasi huo, Waziri ampe Balozi kuwa zawadi ya shukrani.

Kisha Fundi akamtazama mkewe, akampa ishara ya kichwa, na Bi Fundo akavuta wenzo wa kuiwashia.

Mashine ikaamka. Panya akaruka, akarudi, akaruka, na chini ya bati lile tupu mashine moja tu ikapiga kelele ya kiwanda kizima. Wageni wakaziba masikio huku wakitabasamu. Wazee ukutani walikuwa wanalia waziwazi, wanaume kwa wanawake. Fundi alikuwa ameweka viganja viwili ubavuni mwa mashine, macho amefumba, maana hiyo ndiyo njia pekee aliyobaki nayo ya kuisikia. Bi Fundo alimtazama akasema moyoni kwamba hata kama wasingelipwa senti, lori lile halikupotea bure.

Waziri na Katibu walikuwa wamesimama ng'ambo ya mashine, mkabala naye. Waziri akamsemesha Katibu. Bi Fundo hakukusudia kumsoma. Macho ya mfumaji huenda mdomoni kama nzi aendavyo kwenye uji.

"Hawa wa kwenye nyumba wanatoka lini?" Waziri alikuwa anauliza.

Katibu akamsogelea sikioni akapaza sauti, shingo imemvimba. "Mwisho wa mwezi ujao. Mnunuzi anataka kiwanja kitupu."

"Wamekaaje hapa miaka yote?"

"Deni, Mheshimiwa. Deni ndilo lilikuwa linawakinga. Mali ilikuwa imeshikwa, haiuziki. Sasa imeachiwa."

Mikono ya Bi Fundo iliendelea na kazi. Miaka ishirini na miwili walikuwa wanalilaani deni lile asubuhi na jioni, wanaliombea lifutike, na kumbe lilikuwa limewafunika kama bati. Bovu, lenye matundu, lakini bati. Na leo wamevalishwa fulana waje kulipigia makofi likiezuliwa.

"Wanajua?" akauliza Waziri.

Mfumaji hasimamishi mashine ila uzi ukikatika. Ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo alivyowafundisha wengine. Bi Fundo aliutazama mtande wote, kutoka ukingo hadi ukingo. Hapakuwa na uzi uliokatika. Akamwona Katibu anavuta pumzi ajibu, akamwacha aanze, kisha akausukuma wenzo.

"...barua watapewa Jumatatu," Katibu alipaza katikati ya kimya, "acha wapigwe picha kwanza, wasije kutuharibia shughuli!"

Sauti yake ilipanda mpaka darini ikarudi. Nje jenereta ilikuwa inanung'unika peke yake. Balozi akamgeukia mkalimani, na mkalimani akakohoa, akafungua chupa ya maji, akanywa yote.

Karani ndiye aliyetoka kwenye mstari. Alitoa mfuko wa nailoni ndani ya fulana namba saba, akatoa karatasi, akaikunjua kwa uangalifu kwa kuwa ilikuwa imeanza kukatika kwenye mikunjo.

"Mheshimiwa," alisema, "ahadi ni deni. Hili nalo limesamehewa? Maana sisi tunaodai hatujasamehe."

Na wakati kila mtu anaitazama ile karatasi, Fundi alikuwa bado anahangaika na mashine. Hakuwa amesikia chochote. Alihisi tu imekufa mikononi mwake. Alipapasa mkanda, akapapasa nyuzi, akainua uso.

"Uzi haujakatika," alimwambia mkewe kwa midomo. "Mbona umeizima?"

Kati ya yote aliyoyaona siku ile, hilo ndilo lililomshinda Bi Fundo. Angeweza kumdanganya. Angeweza kusema mkono uliteleza, akampa jioni moja zaidi ya furaha. Lakini banda hili lilikuwa halijawahi kuwasikia wakidanganyana.

"Wanatutoa," alimwambia, bila sauti. "Mwezi ujao. Nyumba zimeuzwa. Deni ndilo lilikuwa linatuweka."

Fundi alimtazama mdomo muda mrefu, kama mtu anayeomba arudiwe. Hakuomba. Alichukua pamba ya kufutia, akafuta kidole kimoja kimoja, vyote kumi.

"Nguo imefika wapi?"

"Kama mita mbili."

Akaenda kwenye sinia, akachukua mkasi, akarudi, akaikata nguo kwa mstari ulionyooka. Katibu, jasho limemtoka, alidhani ameokoka. Akanyoosha mikono miwili.

"Vizuri, mzee. Mpe Mheshimiwa amkabidhi Balozi."

Mdomo wa Katibu ulikuwa rahisi kusomeka. "Mkanda nimenunua mimi," Fundi alijibu, kwa ile sauti yake kubwa isiyojijua. "Oili nimenunua mimi. Kazi ni ya mke wangu. Uzi peke yake ndio ulikuwa wa deni, na deni mmesema limesamehewa." Akaikunja nguo mara nne, akamwekea mkewe mikononi. "Chukua. Hii haidaiwi na mtu."

*

Bi Fundo alirudi kota pekupeku, viatu vya watu kwapani. Akaazima simu ya Karani. Kule upande wa pili cherehani ilikuwa inakwenda, halafu ikasimama.

"Kile chumba, mwanangu," alisema. "Umeshakitoa?"

"Mwalimu alikuja jana na pesa mkononi."

Bi Fundo akashika ukuta.

"Nikamwambia kina popo," alisema binti.

"Mwanangu, kina popo kweli?"

"Wanakuja hivi karibuni, Mama. Wawili. Mmoja hasikii."

Haikuwa mwezi ujao. Karatasi ya Karani na ule mdomo wa Katibu vilisemwa sana mjini, na Balozi, inasemekana, aliuliza swali lilelile mara tatu mpaka mkalimani akaishiwa maji. Wakapewa miezi mitatu, na kiinua mgongo kikalipwa nusu, kwa hesabu ya pesa ya miaka ile ambayo sasa ilitosha kitanda, jozi ya viatu vya kike, na lori. Posho haikuja. Fulana zilikusanywa zote, namba kwa namba.

Ijumaa ya mwisho Fundi aliingia bandani akaitia oili namba kumi na tisa, ingawa alijua wanunuzi wa vyuma chakavu wanakuja Jumatatu. Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Alipotoka akaacha ufunguo mlangoni, na mfuko wa koti lake ulikuwa umetuna. Alikuwa amemchukua panya.

*

Chumba kina dirisha la jua la asubuhi, kama Bi Fundo alivyokumbuka. Ile nguo wameitundika iwe pazia, kati ya kitanda chao na upande wa binti anaposhonea. Wateja wakija huishika kwa vidole viwili na kuuliza inauzwa wapi, na Fundi, ambaye hasikii kingine chochote, hilo hulisikia.

Mwanzoni hakuzoea. Alikuwa anakaa ukingoni mwa kitanda na kile kijiti mapajani, anakigeuza, anatazama ukuta. Siku moja, saa tano asubuhi, binti alikuwa anashona sare za shule, cherehani inatetemesha meza na meza inatetemesha sakafu. Fundi akaweka unyayo chini, akatulia. Kisha akainua uso akamtafuta mkewe, aliyekuwa anachambua mchele dirishani.

Bi Fundo akaona midomo inacheza. Akaacha ungo.

Nataka kukuoa, ilikuwa inasema ile midomo, polepole, bila sauti hata kidogo. Alikuwa amejifunza sasa.

Binti akainua mguu kwenye cherehani, chumba kikanyamaza. "Mnasemezana nini, wazee?"

Bi Fundo akamtazama mumewe, akaweka kidole kwenye midomo yake mwenyewe. "Pole pole," alimwambia kwa midomo. "Mashine zimesimama. Watu watasikia."